Bakuli Lililochelewa Kurudi

Bakuli lilikuwa langu, la bati jeupe lenye maua ya buluu ukingoni. Nalitaja mapema kwa sababu tangu tumzike Dorika watu wanamsifu kanisani mpaka wanamfanya malaika, na Dorika hakuwa malaika. Alikuwa mbishi, tena mwenye kiburi cha maskini, ambacho ni kigumu kuliko cha tajiri. Kiburi hicho nusura kimuue mwanawe.

Alikuwa jirani yangu tangu mwaka ule wa Operesheni ya kuhamia vijijini, tulipotolewa kwenye matembe yetu, nyumba za udongo zilizotawanyika, tukapangwa kwa mistari, mlango ukitazamana na mlango. Alikuja mjane, jembe begani, Isaka akimfuata nyuma. Kwao, upande wa Ilongero, jirani alikuwa mtu wa kuitwa kwa kupaza sauti. Hapa ukikohoa tu, wa nyumba ya pili anakupa pole. Nilimpelekea ugali wa uwele na mboga ya mlenda, kama mgeni anavyopokelewa. Na kwetu bakuli la jirani halirudi tupu. Unaliwekea chochote, hata karanga za kiganjani, na ukipika unapakua la jirani kabla nyumba yako haijala. Dorika akaliosha, akaliweka juu ya kichanja, akangoja mavuno.

Mavuno hayakuja. Mvua ilinyesha kidogo, ikatudanganya, ikaondoka. Uwele ulikauka ukiwa wa magoti. Tukawa watu wa kungoja lori la mahindi ya manjano, yale tuliyoyaita yanga, na lisipofika tulichemsha majani.

Sisi Wakristo tulisali kwenye banda ambalo halijaezekwa, na baada ya ibada tulikula pamoja uani kwangu, kila mmoja na alichobeba. Njaa ilipokaza, vilivyobebwa vilikuwa aibu kuvitazama: mlenda mkavu, chumvi kwenye jani. Lakini sinia lilikuwa moja. Dorika akaacha kuja kula, kisha akaacha hata ibada. Nikikutana naye kisimani anainamisha kichwa na kupita. Nikasema moyoni, huyu ameshakula na bakuli langu. Kumbe mwenzangu alikuwa anajifungia ndani na mtoto aliyevimba miguu, anamlilia Mungu kwamba amemsahau, na kila akiinua macho analiona bakuli langu pale kichanjani.

Jioni moja akaja amelishika kwa mikono miwili, limefunikwa kwa kitambaa.

"Hodi, Mama Melkiori. Nimechelewa. Usinifikirie vibaya."

Nikafunua. Ugali wa mtama, unafuka moshi. Mate yalinijaa mdomoni, sitadanganya. Kisha nikaona rangi yake, wekundu ambao si wa mtama wowote ninaoujua, na harufu ikanipanda puani.

"Unga umeutoa wapi?"

"Kwa ndugu yangu wa Ikungi."

"Mama Isaka."

Akalifunika tena bakuli kwa kitambaa. "Nimeziosha," akasema. "Nimeziosha mpaka maji yakawa meupe."

Zilikuwa mbegu. Zile za mtama za kijiji, tulizogawiwa za kupanda, zilizopakwa dawa nyekundu ya wadudu. Bwana shamba alituambia mpaka akachoka kwamba atakayezila atakufa. Dorika hakuzipanda kwa sababu ardhi ilikuwa jiwe, na siku ile hakuwa na kitu kingine ndani.

"Isaka amekula?"

"Bado. Nimepakua lako kwanza."

"Na chungu kiko wapi?"

Akageuka kuitazama nyumba yake. Nikalitupa bakuli motoni na ugali wake, tukakimbia.

Isaka alikuwa ameketi kando ya chungu, tonge mkononi. Limeshapoa, limekandwa na vile vidole vyake vyembamba mpaka linang'aa. Dorika aliushika mkono ule kwa nguvu hata nikadhani ataukata.

"Umekula? Isaka, umekula?"

"Hatujasali," akasema mtoto.

Tulichimba shimo nyuma ya nyumba tukaufukia ugali wote. Hapo ndipo Isaka alipolia, alipoona chakula kinatiwa udongo. Alijitupa chini akifukua kwa mikono, na mama yake akawa anamvuta huku naye analia. Mimi hasira zilinipanda.

"Ungetuua sote kwa ajili ya adabu?"

"Ningekujaje mikono mitupu, Mama Melkiori?"

"Ungekuja hivyo hivyo. Twende."

Kwangu kulikuwa na ugali wa yanga, donge dogo la kugawia wanangu. Niliuweka kwenye sinia, tukanawa, tukauzunguka. Nikamwambia Dorika asali. Akatikisa kichwa, akamtazama Isaka. Isaka akafumba macho, akasema sala aliyofundishwa na mama yake, ile tunayoisema sote bila kufikiri: "Bwana, bariki chakula hiki, uwape na wasio nacho."

Dorika akaangua kilio ambacho sijakisikia tena hata msibani. Miaka yote alikuwa amewaombea watu hao akidhani wako mbali. Nami nilikuwa nimewaombea kila Jumapili, naye yuko ng'ambo ya ukuta wangu. Nikanyoosha mkono nikamshika begani.

Ugali ule haukumtosha mtu. Tonge moja moja, ukaisha. Njaa iliendelea, na kabla mvua hazijarudi tulizika wengi. Lakini Jumapili iliyofuata, na zote baada yake, Dorika alikuja uani kwangu, mikono mitupu, akaketi kwenye sinia mbele za watu. Nilimwona jinsi ilivyomuuma. Nilimsogezea maji, akanawa.