Kivuli cha Mteja wa Vienna

Shangazi yangu Veturia hutengeneza vichwa vya vitanda. Si vitanda vizima. Ni ule ubao mpana wa kichwani tu, ambao mgeni wa hoteli huuegemea anaposoma au anapopiga simu nyumbani. Huukata kwa mwaloni wa milima yetu, huupiga msasa mpaka uwe laini kama shavu, kisha huuvika sponji na kitambaa. Kabla hajaupitisha, yeye mwenyewe huketi sakafuni, huegemeza mgongo na kufumba macho. Asiposinzia, ubao unarudi mezani.

"Shangazi, unalala kazini," nilimtania siku moja.

"Nalala kwa niaba ya watu wa Vienna, we mwehu," alijibu bila kufumbua macho. "Wewe na digrii yako umewahi kulalia nini zaidi ya kompyuta?"

Naitwa Iustin. Karakana yetu iko Strâmbeni, kijiji cha milimani mashariki ya Vienna, na kazi yangu ni kuzungumza na wateja kwa Kijerumani. Kwa miaka mingi kijiji hiki kiliuza magogo tu. Malori yaliyashusha kutoka mlimani na hayakurudi na chochote. Vijana nao walishuka nyuma ya malori, wakaenda Italia kuogesha wazee wa watu wengine, huku wazee wao wakibaki na mbwa na kuni. Na zile hoteli za Vienna, ambazo dereva akitoka kwetu asubuhi anafika kabla ya kulala, ziliagiza vitanda vyao upande wa pili wa dunia. Vilikuja melini, miezi baada ya kuagizwa, na vikifika na kasoro hapakuwa na wa kuambiwa. Aliyekitengeneza kitanda hakumjua aliyekilalia. Aliyekilalia hakujali kama aliyekitengeneza amekula. Jambo hilo lilinichoma moyo nilipokuwa chuoni, na linanichoma bado.

Ndiyo maana Roswitha Kaltenegger alipokuja, nilijiona nimeishi kuiona haki. Bi Roswitha alikuwa mnunuzi wa kampuni ya hoteli, naye alikuwa amechoka na meli. Aliingia uani na gari lililojaa matope, akavua koti, akaketi sakafuni kando ya shangazi na kuuegemea ubao wa mfano.

"Mwambie uko juu mno," aliniambia. "Shingo yangu inanyooka kama ya bata bukini."

"Mwambie shingo yake ndiyo ndefu," alisema shangazi.

Hilo sikulitafsiri. Bi Roswitha alicheka hata hivyo, maana uso wa shangazi hauhitaji mkalimani. Shangazi aliuchukua ubao, akaupitisha kwenye msumeno, akaurudisha sakafuni. Kahawa ya mgeni haikuwa imepoa, na tatizo la Vienna lilikuwa limekwisha. Kwa njia ya meli lingekula msimu mzima.

Basi tulipewa kazi ya hoteli zote. Kila hoteli na vipimo vyake, na kila ghorofa ikishapakwa rangi, lori letu linapeleka vitanda vya ghorofa ile tu, bila ghala la kuvirundika. Karakana kubwa za mbali hazikubali kazi ndogondogo za namna hiyo. Sisi ndizo tulizozitaka. Kilichokosekana ni banda jipya la mashine, na bosi wetu, Olimpiu, aliahidi kwamba litakuwa tayari kabla ya theluji. Kama lisingekuwa tayari, kazi ingerudi kwenye meli.

Alimwita Pamfil mwashi. Ukuta wa Pamfil ulipanda vizuri pande zote, isipokuwa pembe iliyo karibu na kijito. Pale matofali yalipasuka. Alibomoa akajenga tena, yakapasuka tena. Alichimba msingi mpaka kwenye mwamba, akamwaga zege, na pembe ile ikaachama kama mdomo. Vibarua wake walianza kula chakula chao mbali nayo. Hata mbwa wa Olimpiu, anayelala popote penye jua, aliizunguka.

"Ardhi hiyo ina njaa," shangazi alisema alipopita.

"Shangazi, ardhi hiyo ina maji chini yake," nilimwambia.

"Na wewe una maji kichwani. Mume wangu alipita mbele ya ukuta wa kiwanda cha maziwa, ulipokuwa ukijengwa, akienda kununua sigara. Hakuona neno, akasalimia waashi, akaenda zake. Tulimzika kabla ya theluji kuyeyuka."

Habari ya Ilarie mume wake niliijua, kama kila mtu Strâmbeni. Kwetu ukuta usiposimama, mwashi husubiri mtu apite juani. Hukipima kivuli cha mtu huyo kwa uzi, kwa siri, kisha huuzika uzi ule ndani ya ukuta. Ukuta unasimama. Mwenye kivuli hamalizi mwaka. Niliikulia habari hiyo, nikaiacha kijijini nilipokwenda chuo, nikidhani nitaikuta imekufa nikirudi.

Bi Roswitha alirudi mwanzoni mwa kiangazi kuchagua vitambaa. Ilikuwa adhuhuri iliyopita kidogo, jua kali. Alitaka kuona rangi kwenye mwanga halisi, kwa hiyo tulisimama uani naye akainua kipande kimoja baada ya kingine. Kivuli chake kilianguka nyuma yake, karibu na lundo la matofali. Nilikuwa nikimweleza kwamba kitambaa cha kijani kimepimwa kwa moto kwa sheria zilezile za kwao, kwa hiyo hakutakuwa na karatasi za kubishania mpakani, nilipomwona shangazi, aliyekuwa akikunja vitambaa kando yetu, ameacha kukunja na kukaza macho.

Nilifuata macho yake. Pamfil alikuwa amepiga magoti nyuma ya mgeni kama mtu anayefunga kamba ya kiatu. Kidole chake kimoja kilikuwa kwenye kisigino cha kivuli, kingine kwenye kichwa chake, na kati yao uzi mwekundu wa uashi ulikuwa umelala kimya juu ya vumbi. Aliukata kwa meno. Wakati uleule Bi Roswitha aliinua bega, kama mtu aliyedondokewa na tone la maji shingoni.

"Kuna baridi hapa," alisema, jua likiwa utosini.

Mgeni alipoondoka, shangazi alimfuata Pamfil mpaka kwenye pembe, nami nyuma yake. Mwashi alikuwa anasawazisha saruji mbichi kwa mwiko.

"Pamfil, umefanya nini?"

"Nimefanya kazi yangu, Mama Veturia. Ulitaka nichukue chako? Au cha huyu mpwa wako, hajaoa hata?"

"Yule ni mgeni wetu. Amekula kwetu."

"Ndiyo vizuri! Mgeni anakwenda zake. Likimpata jambo litampata kwao, wala hatutaandaa chakula cha msiba." Alicheka, lakini hakututazama. "Zamani tulipata tabu, ilibidi kuchukua jirani. Sasa wanajileta wenyewe kwa gari."

Nilimtukana. Nilimwambia ni mshirikina, ni mshamba, ni aibu ya Ulaya. Alinisikiliza mpaka mwisho akaniuliza, "Kama ni upuuzi, mwanangu, mbona unatetemeka?"

Ukuta ulisimama. Hapakuwa na ufa tena, wala mstari mwembamba kama unywele. Olimpiu alinunua pombe ya plamu kwa waashi wote, na mapau ya paa yakaanza kupanda.

Mimi na Bi Roswitha tulizungumza kwa video kila wiki. Hiyo ndiyo raha ya kufanya kazi na jirani: saa yake ya kahawa ndiyo yangu. Mara ya kwanza alikuwa amevaa sweta. Mara ya pili alikuwa amejifunga na shali, na nyuma yake dirisha lilikuwa wazi na watu wa Vienna wakipita wamevaa nguo za mikono mifupi. Uso wake ulikuwa kama kitambaa kilichooshwa mara nyingi.

"Iustin, nikuulize jambo la ajabu," alisema. "Banda lenu mnalipaka chokaa?"

"Bado. Kwa nini?"

"Nasikia harufu ya chokaa mbichi. Ofisini, nyumbani, kwenye mto wa kulalia. Na kifuani nina kitu kinanibana, kama nimesimama mahali pembamba. Daktari haoni kitu." Alijaribu kutabasamu. "Nikizidiwa, mwenzangu atachukua kazi hii. Lakini yeye anapenda meli."

Taa ya mezani ilikuwa ikimmulika usoni kwa nguvu. Ukutani nyuma yake nilikiona kivuli cha kiti, nikakiona cha ua lililo kwenye chungu. Cha mtu aliyekaa kwenye kile kiti sikukiona. Nilizima na kuwasha skrini, nikijiambia ni kamera. Kamera haikubadilika.

Nilipomwambia shangazi, aliweka patasi chini. Hakuuliza maswali. Alikwenda moja kwa moja kwa Olimpiu, nami nikamfuata.

"Bosi, ile pembe ibomolewe."

"Mama Veturia, umekunywa?" Olimpiu alisimama. "Mashine iko njiani. Pembe ikivunjwa hatufungui kabla ya theluji, na tusipofungua kazi inaondoka. Unataka vijana wetu warudi Italia?"

"Nataka yule mwanamke apumue."

"Ana mafua!"

"Kiangazi?"

Olimpiu alinigeukia mimi, msomi wa kampuni, ili nimsaidie. Na mimi niliyekuwa nikihubiri kila baa kwamba mtu akija karibu hugeuka kuwa mtu na si jina kwenye kontena, niliona wazi upande wa pili wa mahubiri yangu. Tusingalimwona, tusingaliweza kumfanya lolote. Wale wa mbali walimletea vitanda vibovu, lakini kivuli chake hawakukifikia.

"Ibomolewe," nilisema.

"Basi wote wawili mmefukuzwa," alisema Olimpiu, akakaa, akashika kichwa.

Shangazi hakungoja. Waashi walikuwa kivulini mwa mti wa plamu wakila ugali wa njano na jibini. Alichukua nyundo na patasi yake ya kuchongea mwaloni, akapanda juu ya lundo la mchanga, akaanza. Saruji ya Pamfil ilikuwa imara, lakini pale ilikatika kama mkate. Kutoka ndani ilitoka pumzi ya baridi, na kwa sikio langu nilisikia kitu kama mtu anayeshusha mzigo. Vibarua waliacha kutafuna.

Pamfil alikuja mbio mpaka hatua chache kutoka ukutani, akasimama ghafla. "Mama Veturia, usiuguse! Uniachie mimi niubomoe ukuta wote, lakini uzi usiuguse. Anayeutoa ndiye anayeubeba!"

"Na wewe ulipouweka, ulibeba nini?"

Pamfil alirudi nyuma hatua moja.

Shangazi aliingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Uzi ulitoka umelowa, mwekundu uleule, na alipoupitisha mbele yangu nilihisi joto lake, kama kitu kilichotoka mfukoni mwa mtu aliye hai. Aliuviringisha kidoleni bila haraka, akaingia karakanani, akaufungua mlango wa jiko la kuchomea vumbi la mbao na kuutupa ndani. Haukuwaka. Ulijikunja kama unaotafuta mahali pa kulala, kisha ukawa majivu.

Pembe ile iliporomoka kabla ya jua kuzama, ikavuta nusu ya ukuta. Pamfil alikusanya mwiko na ndoo zake, akaondoka bila kudai, na vibarua wakamfuata.

Simu ya Vienna iliita asubuhi iliyofuata. Bi Roswitha alikuwa anakula, mdomo umejaa. "Nimeamka na njaa ya mbwa," alisema. "Kuna nini huko? Sauti yako imekwisha."

Nilimwambia ukuta umeanguka. Sikumwambia kwa nini. Mnunuzi anayeagiza kwa meli angeandika barua kwa wanasheria. Yeye alisema, "Nakuja kuona," na siku ya pili gari lake la matope lilikuwa uani. Alizunguka kifusi, akaingia ndani, akawakuta maseremala wamefunika mbao kwa turubai na kuendelea na kazi wakigusana viwiko. Alipanda ngazi akatazama miti iliyolundikwa nyuma ya karakana.

"Nyinyi ni maseremala," alimwambia Olimpiu, nami nikatafsiri. "Kwa nini mnajenga kwa matofali?"

Olimpiu aliigeukia miti, akaanza kuihesabu.

Mara moja tulianza kusimamisha nguzo za msonobari na kuta za mbao, kila mtu na nyundo yake, na Bi Roswitha akatuongezea muda mpaka Krismasi kwa sababu aliiona kazi kwa macho yake. Tuliokuwa tumefukuzwa hatukukumbushwa. Banda limesimama hata pale kijitoni. Hakuna aliyepimwa kwa ajili yake, na ninamwambia kila mnunuzi anayeniuliza sababu za kutengenezea vitu karibu: njoo mwenyewe, tazama, bishana nasi, kula kwetu. Nalisema kwa moyo wote. Ila sasa, mgeni akisimama juani, mimi hutangulia kutazama nani amesimama nyuma yake.

Lori la kwanza lilipakiwa siku ya baridi kavu, anga jeupe, jua limelala chini. Bi Roswitha alikuja kushuhudia. Alimtaka shangazi atoke nje wapige picha pamoja, na shangazi, ambaye tangu kiangazi amekuwa akilikwepa jua, akipita kivulini mwa kuta na kula ndani, alikataa mara mbili, kisha akavua aproni na kutoka.

"Jamani, mkono wako ni barafu," Bi Roswitha alimwambia.

"Mwambie ni gundi," shangazi aliniambia.

Walikumbatiana katikati ya ua. Kivuli cha Bi Roswitha kilinyooka juu ya theluji mpaka kwenye magurudumu ya lori, kirefu, cheusi, kizima. Mwaka haujageuka bado. Niliinua simu nipige picha, na sikushusha macho yangu kwenye theluji miguuni pa shangazi, pale ambapo kivuli chake kingelala. Nilimtazama shangazi usoni tu, naye alinitazama, akatikisa kichwa taratibu kuniambia nisiangalie.