Nyumba Yenye Watu

Uchovu wa kujenga siuhesabu. Kubeba maji ya kufyatulia tofali, kumbembeleza fundi arudi, kulala chini ya bati lisilo na dari mvua ikipiga hadi msisikilizane, hayo yalipita. Kilichonimaliza ni kuwathibitishia watu kwamba nyumba ninayolala ninalala kweli.

Kijiji chetu hakiko mbali na Nyangoto, kwenye mgodi wa dhahabu, na huku kuna nyumba za kutegesha. Mtu akisikia tetesi kwamba eneo litachukuliwa kwa ajili ya mgodi, anasimamisha kuta haraka haraka, anapaka chokaa kwa mbele, anafunga mlango na kwenda zake kusubiri fidia. Humo hakai hata mbuzi. Kwa sababu ya watu hao viwanja vilipanda bei, mafundi wakaanza kuringa, na sisi tuliojenga ili tukae tukawa tunapigwa kalenda kila tukiulizia hati.

Ndipo tukaitwa mkutanoni, tukaambiwa utaratibu umebadilika. Kijiji kizima kitapimwa kwa pamoja, na mwenye nyumba anayoishi atapata hati kwa ada ndogo, ambayo hata muuza mitumba wa magulioni kama mimi angeimudu. Wa kutegesha hawamo. Nilifurahi, siwezi kusema uongo. Kiwanja nilikinunua mwenyewe baada ya kuachika, naishi hapo na wanangu na mama yangu mzazi, na kaka zangu walishaanza kusema kwamba anapokaa mama ni pao. Bila hati yenye jina langu, siku mama akiondoka duniani na mimi ningeondoka pale.

Siku ya maofisa wa ardhi kuja kukagua nani anaishi wapi, nilikuwa gulioni Nyamwaga. Nilimwambia mama awapokee tu, basi. Lakini mama yangu mgeni wa kawaida tu anampikia mpaka mgeni anamwonea huruma, sembuse mgeni wa serikali. Tangu alfajiri alikwangua masizi jikoni, akazoa majivu, akasiriba sakafu kwa samadi mbichi. Kila kilichochakaa akakihamishia kwa jirani, wasije wakaona umaskini wetu. Na kwetu kila kitu kimechakaa. Akaazima viti viwili, akavaa kitenge cha kanisani, akasimama mlangoni. Watoto walikuwa shule.

Vijana wawili walishuka garini, wakampa shikamoo yake vizuri, wakaingia. Kitanda hakuna, sufuria hakuna, jiko halina hata jivu. Mmoja akamwuliza, "Mama, nani amekuweka hapa?"

"Naishi hapa, mura," mama akamjibu, kama tunavyowaita vijana huku kwetu.

Kijana akatabasamu. Siku hiyo walishakuta mabibi waliowekwa na wategeshaji kwenye milango kadhaa, na wote walisema wanaishi hapo. Jirani yetu, kwa moyo mzuri kabisa, akaja mbio na sufuria zetu kichwani ili atoe ushahidi. Akaharibu zaidi, maana sasa waliona kwa macho yao vyombo vinaletwa. Wakaandika kwamba nyumba haina mkazi.

Niliporudi jioni nilimkuta mama ameketi kwenye kiti cha kuazima. Hasira zilinipanda, lakini utamgombeza vipi mtu kwa kosa la kufagia?

Nikakata rufaa. Nilikwenda wilayani nikarudi, nikaenda tena, hadi mlinzi wa getini akawa ananiuliza habari za wanangu. Mwishowe wakakubali kuja tena, ila bila taarifa. Nikamwambia mama kwamba kuanzia siku hiyo majivu yakae, masizi yakae, nguo zining'inie zilipo. Aliniangalia kama nimemtukana. Msimu wote wa mvua tuligombana. Nikitoka anafagia, nikirudi nanuna, mpaka mimi mtu mzima nikawa naficha ufagio wa mama yangu uvunguni.

Walikuja asubuhi moja tukiwa hatujatandika. Mama alipoona gari alipita mlango wa nyuma, akaenda kusimama nyuma ya zizi la jirani. Kijana yule yule aliingia hadi chumbani kwake, akaona ndoo yake ya kujisaidia usiku, akaona godoro lake lililotoboka katikati. Akalipiga picha kwa simu. "Sasa hii ni nyumba yenye watu," akaniambia, na alikuwa amefurahi kwa ajili yangu. Akauliza mama yuko wapi amsalimie. Nikasema ametoka.

Gari lilipoondoka mama alirudi polepole.

"Wameingia mpaka kwangu?"

"Wameingia, mama."

Akachukua ufagio. Alifagia nyumba nzima, na sikumzuia.

Hati ilitoka, jina ni langu peke yangu. Nikamsomea yote kwa sauti, nikimfafanulia kwa Kikurya palipokuwa pagumu, kwamba sasa hakuna wa kututoa hapa, hata kaka zangu. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kama ile picha ya godoro imo humo ndani.