Hina ya Zaituni na jicho la kushoto

Jumatano, tarehe 12 ya mwezi wa kumi na moja. Mvua imepiga mabati kuanzia saa nane ya mchana hadi saa kumi, sasa imetulia.

Vijana wa kliniki ya macho wameniomba niandike namna tulivyofanya kazi. Mimi nilisoma miaka miwili tu ya sekondari, kwa hiyo wakikuta kosa wasahihishe.

Siku yangu ya kwanza kazini ilikuwa mtaani Katuba, kwenye kituo cha afya. Niliingia kama mfagiaji. Titulaire, yaani muuguzi mkuu, alikosa mtu wa kusimama kwenye ubao wa herufi, akaniita.

"Weye unajua kusoma?"

"Ndiyo, mama."

"Basi acha ufagio. Mutoto akifunika jicho na mukono, anachungulia mu vidole. Umufunike na karton. Kila siku!"

Karton ya kwanza alinikatia yeye mwenyewe, kwenye boksi la dawa.

Baadaye nikahamishiwa hospitali ya mjini, kwa daktari wa macho. Wagonjwa walikuwa wengi, karton zikapotea, nikaanza kuwaachia watoto wafunike kwa mikono. Hakuna bosi aliyeniamuru hivyo.

Kati ya watoto hao walikuwapo wenye lupus. Dokta alinieleza: kinga ya mwili, badala ya kupiga vijidudu, inageuka kuupiga mwili wenyewe, ngozi, viungo, figo, hata mishipa midogo ya damu ndani ya jicho. Dawa nazo zina mambo yake. Cortisone inavimbisha mashavu, na ikitumika muda mrefu inaweza kuleta ukungu ndani ya jicho au kupandisha presha yake. Ndiyo maana hawa hupimwa hata wasipolalamika. "Zaidi ule asiyesema kitu," Dokta alikuwa akisema.

Mmoja wa hao wenye lupus, Zaituni, alikuwa na miaka kumi na mitatu, mtoto wa mama mmoja fundi cherehani wa mtaa wa Kamalondo, na alipimwa kila mwezi. Mwaka wangu wa mwisho kazini alikuja kupimwa siku moja kabla ya Idi, mikono yote miwili imefungwa mifuko ya plastiki.

"Ni nini ile? Umekuya kupigana boxe?"

"Ni hina, mama. Haiyakauka."

Nikamwambia afunike jicho. Mama yake akaruka. "Hapana! Akigusa uso, kesho bantu batasema nimezaa chui!"

Tulicheka. Nikachukua jalada kuukuu la fishi, yaani kadi ya mgonjwa, nikamfunika mwenyewe. Jicho la kulia lilisoma mistari yote kumi. Nikafunika hilo la kulia ili asome kwa la kushoto. Akasoma herufi ya juu, ile kubwa kuliko zote, akaishia hapo.

"Endelea, mutoto yangu."

"Sioni, mama."

"Mwezi uliopita ulisoma yote."

Akaangalia mifuko yake. "Nilikuwa naangalia mu vidole."

"Zaituni!" mama yake alisema. "Juu ya nini?"

"Mukijua, mutaongeza dawa. Ku masomo bananiita Mashavu."

Hakuna aliyemgombeza. Mimi nilichukua fishi nikaenda kwa Dokta.

"Dokta, ile kumi juu ya kumi ya mwezi uliopita, labda si ya kweli. Nilimuachia mukono."

"Si ya kweli, ao haujui?"

"Sijui."

"Basi andika 'sijui'. Na umulete sasa hivi."

Alimtia matone ya kupanua mboni, akatazama retina, ile ngozi nyembamba ya nyuma inayopokea picha. Mishipa ilikuwa imevimba, na madoa meupe kama pamba. Akampigia simu daktari wa lupus. Siku hiyohiyo mtoto akalazwa, cortisone ikapita kwenye serumu, yaani dripu ya mshipani. Idi aliifanyia kitandani, hina imeshika vizuri kabisa. Dokta alimwambia mama yake kwamba tungechelewa zaidi, jicho lingeweza kupotea.

Kila alipokuja kontrole, yaani kuangaliwa tena, nilimpima kwa karton, kisha nikamwomba mwenzangu arudie, maana sikujiamini tena. Wiki ya sita jicho la kushoto likafika mstari wa nane. Mwenzangu akarudia: wa nane. Mama Zaituni akapiga vigelegele kolidoni hadi watu wakatoka ofisini wakiuliza nani anaolewa.

Mistari miwili haijarudi. Kama ni lupus iliyoichukua, au ule mwezi wangu mmoja, Dokta anasema hakuna awezaye kujua. Basi sisemi ni mimi, wala sisemi si mimi.

Sasa nimestaafu, niko pansheni. Jirani zangu husema niliokoa jicho la mtoto. Si haki kusema hivyo. Hina ndiyo iliyonizuia kumuachia mkono tena, Dokta ndiye aliyeona, na Zaituni alisema kweli akiwa na hofu. Kazi yangu ilikuwa kufunika, nami nilikuwa nimeiacha. Ninyi msiiache. Tena muulizeni mtoto anaogopa nini. Mimi sikuwahi kumuuliza.

Leo mama yake amenipigia simu. Wametoka kontrole: jicho limesimama palepale, retina ni safi, na dawa imepunguzwa. "Mashavu imeshuka," alisema, "sasa njo anaringa mbele ya kioo, hatupumue!" Nilibaki nimeshika simu hata baada ya yeye kukata.

Jioni tumekula bukari, yaani ugali, kwa mboga ya lengalenga na samaki mukavu. Mume wangu aliongeza pilipili, mimi nikaongeza bukari.