Tochi ya Kupimia Mayai

Usimwambie Mama Vifaranga habari za tochi za kisasa. Atakusikiliza kwa adabu, kisha atakutolea yake ya bati, kongwe kuliko wanawe wote, mdomo wake umevikwa mpira wa tyubu ya baiskeli ili yai likae bila kuteleza. Utaona aibu wewe uliyeanza.

Alipewa na shangazi yake, mfugaji wa kuku, yeye akiwa kigori. Siku hiyo shangazi alimwingiza kwenye chumba cha kuatamishia, akafunga dirisha mchana kweupe, akaweka juu ya mwanga yai lililoatamiwa wiki moja. Ganda likawaka jekundu. Ndani mishipa ilitandaa kama nyuzi, na katikati palikuwa na kitone kinadunda, kinadunda, wala hakina habari kama kinatazamwa. Msichana alisahau kupumua.

"Shangazi, nani anakidundisha?"

"Ningekuwa najua, mwanangu, ningekuwa hapa nafuga kuku?"

Tangu hapo akawa mpimaji wa mtaa mzima. Watu walileta mayai, yeye akatenga yenye uhai na viza. Miongoni mwao alikuwapo kijana fundi baiskeli, aliyekuja kila mara na yai mkononi ilhali kwao hakukuwa na kuku hata wa kuazima. Siku moja alileta lililochemshwa.

"Kaka, hili limeiva."

"Ee! Ndiyo maana nililiona la moto."

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Wakaoana, na ule mpira wa tyubu ukawa zawadi yake ya kwanza kwa mkewe. Jioni alisimama kando yake wakati wa kupima, akiitikia "Naona, naona," na macho yake hayakuwa kwenye yai hata kidogo. Mkewe alijua. Nani angekasirika?

Uzee ukaingia na mtoto wa jicho. Fundi alianza kuziba pancha kwa kupapasa, mwishowe akaacha kabisa. Daktari akasema jicho la kushoto limeshakwenda, la kulia watajaribu. Wakampasua. Bandeji ilipotolewa mzee aliambiwa asubiri siku chache, na zilipokwisha, kila alichoulizwa alijibu vilevile: "Naona, mama watoto. Naona vizuri."

Hapo ndipo roho ya Mama Vifaranga iliporuka. Huyu ni mtu wa kusema naona ili mwenzake alale usingizi. Je, kama jicho lenyewe limekufa naye anamficha?

Asubuhi akamshika mkono hadi chumba cha mayai, akafunga dirisha, akawasha tochi. Hakumwambia ni yai la aina gani. Akaliweka juu ya mwanga, akasubiri.

Mzee aliinama. Akasogeza uso huku, akausogeza kule, na moyo wa mkewe ukaanza kukata tamaa.

"Kuna mizizi," akasema mzee taratibu. "Myekundu. Imetoka hapa, imezunguka huku." Kidole chake kilifuata mshipa juu ya ganda, mahali penyewe hasa. "Na hapa katikati… mama watoto, kuna kitu kinapiga."

Mama Vifaranga alikaa chini juu ya gunia la chakula cha kuku, akalia waziwazi. Mzee hata hakugeuka.

"Hiki ndicho ulichokuwa unakitazama miaka yote?"

"Ndicho."

"Kila siku?"

"Kila siku, baba."

Mzee alitikisa kichwa, pua yake ikikaribia kugusa ganda. Kile kitone kikajigeuza, naye akashtuka, akarudi nyuma hatua moja, akacheka peke yake. Kisha akanyoosha mkono nyuma bila kuondoa jicho.

"Lete lingine," alisema.