Mama Nyuma ya Kiti Changu

Usiponiamini, shauri yako. Sikuwa nimelewa wala kusinzia. Ilikuwa mchana, jua likiwaka mtaa mzima wa Lucky Summer, na yaliyotokea yalinipata mimi mwenyewe.

Nilikuwa nimeitwa kwa mahojiano ya mtandaoni, kazi ya mtafiti wa malaria kwenye maabara. Tangu nihitimu nilikuwa nabeba katoni viwandani huku shahada imelala sandukuni. Nikiikosa hii, sikuwa na pengine pa kujaribu.

Sasa, chumba changu ni kimoja. Kitanda, jiko, masufuria, kamera inaona vyote. Nikatafuta cha kuvifichia, nikapata leso ya kujifunga ya marehemu mama ndani ya mfuko tuliopewa hospitalini. Kwetu Magharibi nguo za marehemu haziguswi hadi familia ikae izigawe, na tulikuwa bado hatujakaa. Lakini nani angejua? Nikaitundika nyuma yangu.

Walionihoji walikuwa watatu. Maswali ya kwanza niliyajibu vizuri, hata nikaanza kutabasamu. Kisha mkubwa wao, mwanamke mwenye miwani, akanikatiza.

"Samahani, uko na nani hapo?"

"Niko peke yangu, madam."

"Hebu zungusha kamera."

Nikaizungusha: mlango, kitanda, ndoo ya maji. Yule wa miwani akaniuliza ningejuaje kwamba vimelea vya malaria vimezoea dawa. Nikaanza kujibu, lakini sikufika mbali akanikatiza tena.

"Na huyo mama wa kitambaa cha bluu kichwani anayekuambia majibu ni nani? Midomo yake inatangulia yako!"

Niamini, nilimjua papo hapo. Mama hakupita darasa la nne, lakini nikidurusu alikuwa anakaa nyuma ya kiti changu akirudia kila neno kwa midomo, bila sauti, mpaka akayajua kuliko mimi. Na kitambaa cha bluu ndicho tulichomzika nacho.

Nikageuka. Leso tu.

"Madam, huyo ni mama yangu," nikasema. "Alishafariki."

Wakakata simu. Jioni wakaniandikia kwamba hawaajiri wadanganyifu.

Nikampigia shangazi, nikamweleza yote nikilia.

"Kwani ulitoa leso kabla tukae, mwanangu? Rudisha!"

Nikairudisha nyumbani, tukakaa, nguo zikagawanywa, leso akaichukua shangazi. Nikadhani yameisha. Yameisha wapi? Kila mahojiano niliyofanya tangu siku hiyo, nyuma yangu pakiwa na ukuta mtupu, lazima mtu aulize yule mama ni nani. Bado nabeba katoni. Nimechoka, na sitaki kukudanganya kwamba nina matumaini.

Kwa hivyo wewe uliye na mfuko wa nguo za marehemu pale chini ya kitanda, uache hapo hapo hadi watu wakae. Usidhani mama hatakudhuru kwa sababu alikupenda. Wangu anajaribu kunisaidia.

Na wageni wote hao wamemwona. Mimi mwanawe, kila nikigeuka, naona ukuta.