Nilitaka Mlio wa Msumeno, Binamu Yangu Akapoteza Vidole

Mimi ni mtu mchafu. Naanza hapo ili usije ukanihurumia katikati ya habari. Jina langu sitatoa, na binamu yangu nitamwita Wafula, ingawa si jina lake. Hata sasa ninapoandika naona kinyaa, na kinyaa chenyewe ni cha kujiona mimi.

Naishi mtaa wa West Indies, hapa Eldoret. Jumapili huwa nakaa kwenye mitambo ya sauti kanisani, napandisha maikrofoni ya mhubiri, nashusha ya kwaya. Siku zingine natengeneza muziki ambao majirani wanasema si muziki. Sina gitaa wala ngoma. Nachukua mlio wa mashine ya posho, wa grinda ya fundi wa mageti, wa mabati yakikatwa, nauingiza kwenye kompyuta, nauvuta, naupasua, naupanga upya. Mama alisikiliza albamu yangu ya kwanza dakika mbili, akaniuliza, "Sasa hii redio imeharibika wapi? Si umpelekee fundi?" Nilicheka sana siku hiyo.

Albamu ya pili nilitaka iwe ya mbao, mwanzo hadi mwisho. Wafula, mtoto wa shangazi yangu, alikuwa anapasua mbao Timboroa. Miaka sita kwenye msumeno wa mviringo na hakuwa amekwaruzwa hata mara moja. Kule wana utaratibu wao: ubao ukikaribia kuisha, mkono hausogei tena. Mtu anachukua kijiti kirefu, anamalizia kusukuma nacho. Wafula alikuwa na chake, alikichonga mwenyewe, na hakumwazima mtu yeyote.

Nilifika asubuhi, baridi ya Timboroa ikiniuma masikio. Nikaweka kinasa sauti juu ya gogo, nikavaa hedifoni. Jamani, ule msumeno! Ukiingia kwenye fundo la mbao ya saiprasi unalia hadi meno yanakufa ganzi. Nikasema hii ndiyo albamu. Lakini kila Wafula alipofika mwisho wa ubao, kijiti chake kiligonga meza ya chuma. Ko! Ko! Kila mara, ko! Mlio wangu ukaharibika.

Alipozima mashine kubadilisha gogo, nikamsogelea.

"Bro, hiyo mti yako inanigongea meza, inaharibu saundi. Weka chini, sukuma na mkono. Mara moja tu."

"Na mkono? Zii, hiyo hapana. Boss akiniona nimeisha."

"Boss ako kwa ofisi. Moja tu, Wafula. Nimetoka Eldoret juu ya hii."

Aliniangalia kidogo, akatikisa kichwa, akaweka kijiti chini. Aliweka kwa sababu mimi ni ndugu yake! Hakuwa na roho ya kuninyima.

Vidole vitatu vya mkono wa kulia.

Alipiga mayowe akimwita mama yake. Watu wakakimbia, mmoja akavua shati kumfunga mkono, mwingine akazima mashine. Na mimi? Mimi niliangalia taa ya kinasa sauti kama bado inawaka. Niliangalia taa kwanza! Damu ya mtoto wa shangazi yangu iko kwenye vumbi la mbao, na mimi nahakikisha narekodi. Ptuu!

Wakati wanampakia kwenye gari, boss wao aliona kijiti kimelala chini. Akauliza, "Nani alimwambia aache kijiti?" Wenzake walikuwa mbali, hakuna aliyesikia tulivyoongea. Nikasema sijui. Neno moja tu hilo, nikalitoa bila hata kumeza mate. Basi ikaandikwa kwamba ni uzembe wake, na alipotoka hospitali alikuta msumeno una mtu mwingine.

Unadhani niliishia hapo? Nilifungua ile rekodi. Nikakata sehemu yote ya sauti yangu nikimwambia aweke kijiti chini, nikaitupa kando. Mayowe nikayaacha. Nikayavuta, nikayapunguza mwendo, nikayafanya kipande cha mwisho cha albamu. Nikaiweka mtandaoni, na wasikilizaji wa nchi za mbali wakaniandikia kwamba hawajawahi kusikia kitu kama hicho, wakauliza ile sauti ya mwisho nimeitengeneza vipi. Nikajibu eti ni siri ya kazi. Nikaweka na kikatuni cha kucheka!

Siku moja mchana Wafula akaja kwangu. Alikaa kitini, mkono wa kulia ameuficha kwenye mfuko wa jaketi.

"Kuna kitu inanisumbua," akasema. "Hiyo siku sikumbuki vizuri. Mimi mti yangu siachangi, hata nikiwa mgonjwa. Sasa nilikuwa nafikiria nini? Wewe ulikuwa unarekodi. Niwekee nisikie."

Hapo nilikuwa na nafasi. Mungu aliniwekea nafasi mbele ya macho. Nami nikamwekea ile rekodi niliyoikata! Akasikia gogo likiwekwa, mashine ikiwashwa, msumeno, halafu akajisikia mwenyewe. Jasho lilimtoka. Nilipozima, akapumua.

"Hakuna mtu aliniambia kitu. Ni mimi tu nilizembea. Asante, bro. Angalau sasa najua."

Alinishukuru. Soma tena hapo: alinishukuru.

Baada ya wiki kadhaa, kanisani kwetu, ambako Wafula na mama yake pia husali, mchungaji alimwita mbele kuongea na vijana kuhusu kazi. Wafula akatoa mkono kwenye mfuko, akauinua kanisa lote liuone. Sikuwa nimewahi kumwona akifanya hivyo. Akasema vidole vyake alijikata mwenyewe kwa kiburi cha kujiona fundi, na akamwomba mama yake msamaha mbele ya watu kwa aibu aliyomletea. Shangazi alikuwa ameinamisha kichwa, leso mdomoni. Sauti ya Wafula ilikuwa chini. Kazi yangu ni kupandisha sauti, basi nikaipandisha, ili kila mtu asikie vizuri mtu asiye na kosa akiungama kosa langu.

Nilitoka nikatapika nyuma ya choo cha kanisa.

Ibada ilipoisha nilimshika mkono nikampeleka kando, nikafungua kompyuta, nikampa hedifoni. Nikamwekea rekodi nzima, pamoja na ile sehemu niliyokuwa nimeikata na kuiweka kando. Alisikiliza, hedifoni ameishikilia kwa mkono wa kushoto. Akasema, "Rudisha." Nikarudisha. "Rudisha tena." Mara tatu alisikia sauti yangu ikimbembeleza.

Nilitamani anipige. Angenipiga ningelala usiku ule. Lakini aliivua hedifoni, akaiweka polepole juu ya kompyuta.

"Miezi minane," akasema, "nikiamka naomba Mungu anisamehe. Kumbe nilikuwa naombea dhambi yako."

Akaenda kumchukua mama yake, na tangu siku hiyo hajanisemesha. Nilienda Timboroa kumwambia boss ukweli. Akaniuliza kwa nini ninamwambia leo, kisha akarudi kwenye kazi zake. Albamu nimeifuta, lakini waliokuwa wameipakua wanayo, na mahali fulani mtu amekaa raha mustarehe anasikiliza binamu yangu akimwita mama yake.

Wewe unayesoma, kama kuna mahali umekata sehemu yako kwenye habari ili uonekane msafi, mwenzako akabaki na lawama, nenda umwambie leo. Usingoje akusaidie kutubu. Mimi nilingoja, na mwenye kidonda ndiye aliyesimama mbele ya mama yake kuomba msamaha.