Hati Husomwa kwa Sauti

Katika ofisi ya wakili kule Morningside, Durban, hati ya nyumba haisomwi kimya kimya. Naseema Ebrahim hukaa upande mmoja wa meza na rasimu mpya, mwenzake hukaa upande wa pili na hati ya zamani, kisha mmoja husoma kwa sauti na mwingine hufuata kwa kidole: jina, namba ya kitambulisho, mipaka ya kiwanja, mkato, nukta. Ndiyo, hata mkato husomwa. Wateja wanaosubiri barazani hudhani kwamba wanawake wale wanasali. Mwaka huo wa 2012 Naseema alikuwa ametimiza miaka ishirini na saba ya kazi hiyo, na alikuwa na majivuno yake madogo ambayo hakumficha mtu: hakuwahi kuruka neno.

Kila Jumanne alidamka na kupanda taksi hadi Maritzburg, kwa kuwa hati za Durban husajiliwa kule. Alipeleka hati mpya, akapekua za zamani, akarudi jioni na vumbi la karatasi kwenye mikono ya baibui. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, mwembamba, mwenye ulimi mkali kwa watu wanaokosea tarehe. Alijua nani alimuuzia nani nusu ya mtaa wa Umbilo, na kama angekuwa mmbeya angevunja ndoa nyingi.

Kiswahili alikipata kwa bibi yake, mzaliwa wa Bluff, mmoja wa wale Wazanzibari ambao wazee wao waliletwa Durban kwa meli, waliokaa kule mpaka serikali ilipowahamishia Chatsworth. Kilikuwa Kiswahili cha jikoni, chenye maneno ya samaki na ya kukaripia watoto. Waburundi na Wakongo walipoanza kununua nyumba, wakili alimwita Naseema atafsiri, na wateja wakakizoea. Walisema anaongea kama mzee aliyesahauliwa na wenzake.

Mmoja wa wateja hao alikuwa Méthode Niyonkuru, Mrundi, msimamizi wa yadi ya malori Clairwood. Alikuwa ananunua nyumba ya vyumba viwili kwenye ghorofa la zamani Umbilo, kutoka kwa mzee mmoja aliyekuwa akihamia kwa binti yake. Siku ya kuweka sahihi Naseema alikuwa chumba cha pili, akisoma. Wakili alimuuliza Méthode kwa Kiingereza kama ameoa. Méthode akatazama kibali chake cha ukimbizi, halafu akajibu kwamba hajaoa. Hati ikaandikwa hivyo, Naseema akaisoma kwa sauti, ikapelekwa Maritzburg.

Ijumaa ya mwisho ya Agosti Méthode alirudi kuleta nakala iliyokuwa imepungua. Simu yake ikaita mbele ya meza ya Naseema.

"Ndiyo, Mama Anaïs. Niko hapa kwa wakili. Mwambie Anaïs akule, asinisubiri."

Naseema akaweka kalamu chini. Hati ile alikuwa ameisoma mwenyewe, mkato kwa mkato.

"Baba Anaïs," alisema, "una mke?"

"Iko, mama. Libérate. Tulioana kambini Mtabila, kule Kigoma. Sasa ni miaka kumi na moja."

"Mbona ulisema huna?"

Méthode hakuona haya hata kidogo. "Karatasi ndiyo inasema vile. Siku tulifika hapa, mkalimani aliuliza cheti ya ndoa iko wapi. Cheti haikukuwa. Akaandika single, hatujaoana, mimi na yeye. Toka siku ile, kila tukienda kwenye dirisha wanauliza, na mimi ninasema ile karatasi inasema. Ukisema ingine, eish, wanakuona muongo. Permit inapotea."

Naseema alimwelewa, na kuelewa huko kulimuuma. Mtu alikuwa amefundishwa kwa miaka kujibu kama karatasi yake, na alikuwa mwanafunzi mzuri. Hakuna aliyemwambia kwamba mbele ya wakili somo hubadilika.

"Sikiliza basi. Hati ikisajiliwa hivi, nyumba ni yako peke yako. Lori likikugonga kesho, Mama Anaïs hana lake mle ndani. Kwenye karatasi yeye ni mgeni aliyekuja kukusalimia."

Méthode alicheka kidogo, halafu akaacha. "Na pesa nyingi ya hii nyumba imetoka kwa cherehani yake," alisema polepole, kana kwamba ndiyo kwanza anasikia.

Wakili aliposikia alishika kichwa, lakini alijua njia. Hati inaweza kuondolewa kule Maritzburg kabla haijasajiliwa. Waandikwe wote wawili, kila mmoja nusu. Kwa kuwa hapakuwa na cheti cha ndoa, na kukitafuta Burundi kungechukua miezi, kila mmoja angeandikwa kama vibali vyao vinavyosema: hajaoa, hajaolewa. Muuzaji alikubali kuweka sahihi upya mara moja tu, na alisema Septemba ikiisha kabla umiliki haujahamishwa, anatafuta mnunuzi mwingine.

Jumatatu Libérate alikuja, amevaa kitenge cha kanisani na viatu vilivyong'arishwa. Alikuwa na mikono ya fundi cherehani, vidole vimejaa alama za sindano. Naseema alimtafsiria hati yote. Alipofika kwenye neno lile, hajaolewa, Libérate akarudisha kalamu mezani.

"Mimi nimeolewa," alisema. Hakupandisha sauti. "Pasta alitufunga mbele ya watu wa kambi yote. Baba yangu alipokea mahari mwaka ule hata mahindi ilikuwa shida. Leo niweke sahihi mbele ya serikali kwamba sijaolewa? Basi Anaïs ni mtoto wa nani? Andikeni Baba Anaïs peke yake. Ninamwamini."

"Hata mimi ninajiamini," Méthode alisema, akijaribu utani.

"Kibali chako kinasema neno hilohilo," wakili alisema, na Naseema akatafsiri.

"Kibali waliandika wao. Hii ninaandika mimi."

Naseema alimwomba waende barazani, akamletea kiti na chai, akakaa karibu naye. Jambo alilokuwa nalo mdomoni hakuwahi kumsimulia mteja, na ofisini walilijua kwa juu juu tu.

"Mama yangu alifungishwa nikaha msikitini," alianza. "Karamu siku mbili, ndugu wote wa Bluff walikuja. Lakini sheria ya wakati ule haikuitambua nikaha. Baba aliponunua nyumba Chatsworth, hati ikaandikwa kwamba hajaoa, mmiliki ni yeye tu. Mama aliambiwa. Akasema ni maneno ya Wazungu hayo, Mungu anajua. Kama wewe."

Libérate alikuwa akikoroga chai bila kuinywa.

"Baba alikufa nikiwa na miaka kumi na tisa. Tulikuwa watoto watano wa mtu ambaye hajaoa. Amu yetu alikuja na karatasi, akasema si yeye, ni sheria imesema. Tulitoa vyombo kwa mlango wa mbele, majirani wakitazama. Mama aliishi miaka kumi na minne iliyobaki katika chumba cha uani kwa dada yake, na kila siku alipika kwa kuomba ruhusa ya jiko. Mungu alijua, mdogo wangu. Lakini hawakwenda kumuuliza Mungu. Walikwenda Maritzburg."

Alitaka kuongeza kwamba namba ya hati ile anaikumbuka kwa moyo, na kwamba mwaka wake wa kwanza kazini aliifungua akaisoma mstari kwa mstari akimtafuta mama yake. Akayaacha.

Libérate alikoroga chai mpaka ikapoa. Kisha akarudi ndani, akavua pete yake ya shaba kwa taabu, maana kidole kilikuwa kimeizoea, akampa mumewe.

"Nishikie. Sitasema uongo nikiwa nayo."

Aliandika jina lake lote pale alipoonyeshwa, Libérate Akimana, polepole, kwa herufi za mtu aliyejifunza kuandika darasani chini ya turubai. Halafu akanyoosha kidole bila kumtazama mtu, na Méthode akamrudishia pete. Naseema akajifanya anapanga mihuri.

Jumanne aliondoa hati ya kwanza na kuwasilisha ya pili. Baada ya hapo ilikuwa kazi ya kusubiri wakaguzi wa kule, na Naseema, ambaye hati za watu zilishampitia mikononi kwa maelfu, alisubiri hii vibaya. Alimkaripia mwenzake kwa sababu ya nukta. Jumanne ya tarehe ishirini na tano Septemba, zikiwa zimebaki siku tano, alisimama ukumbini Maritzburg akaona hati imetiwa sahihi na kupigwa muhuri. Akaenda kwenye korido akapiga simu.

Alisikia cherehani ikinyamaza. "Imetoka?" Libérate aliuliza.

"Imetoka. Tangu leo asubuhi."

"Nisomee, mama."

Naseema akaiweka nakala ukutani, akaanza kuitafsiri kwa sauti katikati ya watu wanaopita. Alisoma namba ya nyumba na jina la ghorofa. Alisoma jina la Méthode Niyonkuru na siku yake ya kuzaliwa, hajaoa. Alisoma jina la Libérate Akimana na siku yake ya kuzaliwa. Hapo aliona tena chai ile iliyokorogwa mpaka ikapoa, akapitiliza moja kwa moja: kila mmoja nusu, wao na warithi wao.



"Umeruka, mama," Libérate alisema. "Kwa Baba Anaïs iko neno pale. Kwangu hukusoma."

"Nimeruka."

"Rudia, usome yote. Mama yako hawakumwandika hata vile."

Naseema alijifuta macho kwa ncha ya mtandio. Akarudi mwanzo wa mstari, akasoma upya kwa sauti, neno kwa neno, akitaja na mikato.